Afadhali Hivi Kuliko Vile: Jinsi Wasemaji wa Kiingereza Wanavyoeleza Wanachokipendelea

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wafasiri na wakalimani mliopo, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika kazi hizi:

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia jambo lolote la sarufi ya Kiingereza linalowasumbua wasemaji wa Kiswahili, nami nimechagua jambo ambalo vitabu vyetu vya darasani hulimaliza kwa nusu ukurasa, yaani namna msemaji wa Kiingereza anavyoeleza kwamba kwake yeye hali hii ni afadhali kuliko ile. Nimelichagua kwa sababu katika eneo hili taabu yetu haiko sana mdomoni, iko sikioni. Mwanafunzi wetu anaweza kuandika sentensi kadhaa za "prefer" bila kosa, akapata alama zake zote, kisha akaajiriwa, akaambiwa jambo na mkubwa wake wa kazi kwa maneno laini, na asitambue kwamba amekatazwa.

Tumchukue karani wa ofisi yoyote inayoendeshwa kwa Kiingereza, ambaye amemwandikia mkuu wake, Mwingereza, kumjulisha kwamba anakusudia kuituma taarifa ya fedha kwa wafadhili siku ya Jumatano. Jibu linarudi kwa mstari mmoja: "I'd rather you didn't send it before Friday." Karani anausoma mstari ule kwa makini kama alivyofundishwa. Anaona "didn't", anajua hilo ni umbo la wakati uliopita, lakini taarifa haijatumwa na Ijumaa haijafika, kwa hiyo anadhani mkuu ameandika kwa haraka. Anaona "rather", na darasani aliambiwa kwamba "rather cold" ni baridi kiasi, hivyo anahisi kuna jambo la kiasi tu hapo, maoni ya mtu, si agizo. Jumatano anaituma taarifa. Mkuu anakasirika, na kwa upande wake ana haki, maana yeye anajua alichokisema: usiitume kabla ya Ijumaa. Alichofanya ni kulivika katazo lake nguo ya kupendelea, kama watu wa kwao wanavyofanya kila siku, na karani akaiona nguo asimwone aliyeivaa.

Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba semi za Kiingereza za kupendelea, sehemu kubwa, hazihusu ladha ya mtu. Zinahusu umbali na mamlaka: nani anaweza kumwambia nani afanye nini, na kwa kurudi nyuma hatua ngapi ili asionekane anamsukuma. Tukizifundisha kama orodha ya visawe vya "napenda zaidi", tunawapa wanafunzi wetu nusu ya lugha.

Niifungue kwanza sentensi ile ya mkuu, kwa maana ndani yake kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina habari yake.

Cha kwanza ni neno "rather" lenyewe. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na neno lililosemwa "rathe", lenye maana ya haraka au mapema, na "rather" lilikuwa umbo lake la kulinganisha, yaani mapema zaidi. Neno la msingi limekwisha kufa katika usemi wa kawaida, likabaki umbo la kulinganisha peke yake. Kwa hiyo anayesema "I would rather walk" asili yake anasema angetaka kutembea mapema zaidi kuliko kufanya hilo jingine. Jambo linalomjia moyoni kwanza ndilo analolipendelea. Ushahidi wa mawazo haya bado uko hai, kwa kuwa Waingereza husema pia "I'd sooner walk", na "sooner" ni neno ambalo kila mwanafunzi analijua kwamba ni upesi zaidi. Hata "prefer", ambalo limetoka katika Kilatini, lilikuwa na maana ya kubeba mbele au kutanguliza. Moja lilitanguliza kwa wakati, jingine kwa mahali.

Cha pili ni hiyo herufi moja iliyoning'inia kwenye "I'd". Leo tunawaambia wanafunzi kwamba ni kifupisho cha "would", na kwa Kiingereza cha sasa tuko sahihi. Lakini kwa karne nyingi Waingereza waliandika waziwazi "I had rather". Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa idhini ya Mfalme James, Zaburi ya 84 ina maneno haya: "I had rather be a doorkeeper in the house of my God, than to dwell in the tents of wickedness." Wengi wetu tunayakumbuka kwa Kiswahili, pale mtunga zaburi anaposema angependa kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu wake kuliko kukaa katika hema za uovu. Angalieni pia kwamba kitenzi cha kwanza, "be", hakina "to", na cha pili, "to dwell", kinayo, katika sentensi moja ya watafsiri waliokuwa mabingwa wa lugha yao. Mwanafunzi wangu akiniandikia hivyo katika mtihani ningemsahihisha, na ningebaki na aibu kidogo.

Mwalimu Nyerere alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Zote mbili zimejaa usemi huu. Katika ya kwanza Brutus, akiwa amegombana na rafiki yake juu ya rushwa, anatamka: "I had rather be a dog, and bay the moon, than such a Roman." Kwa tafsiri yangu ya harakaharaka, wala si ya Mwalimu, ni kusema kwamba heri awe mbwa anayebwekea mwezi kuliko kuwa Mrumi wa namna ile. Katika ya pili Portia, akichambua wachumba waliomjia, anasema juu ya wawili kati yao kwamba angeona afadhali aolewe na fuvu la kichwa lenye mfupa mdomoni. Kumbe hata pale anapofanya mzaha, binti wa tabaka la juu anatumia chombo kilekile anachotumia mtu wa vita.

Zaidi ya hapo, katika tamthilia ya Julius Caesar, Cassius anatumia usemi mwingine ambao leo umekwisha kutoweka: "I had as lief not be as live to be in awe of such a thing as I myself." Hilo "lief" lilikuwa na maana ya kitu kipendwacho, nalo ni ndugu wa neno "love". Cassius anasema kwamba kwake ni sawasawa tu asiwepo duniani kama kuishi akimwogopa kiumbe aliye kama yeye mwenyewe. Usemi ule umekufa, lakini nafasi yake haikubaki wazi, kwa kuwa leo mtu husema "I'd just as soon stay at home", akiwa na maana kwamba kubaki nyumbani kwake ni sawa, tena ukimbana atakuambia ndiko anakotaka. Msikilizeni vizuri anayesema hivyo. Anajifanya hana chaguo, na chaguo analo.

Kuna kichekesho kidogo katika historia hii ambacho siwezi kukipita. Mwaka 1755 Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa, aliufikia usemi wa "had rather" akauhukumu kuwa ni wa kishenzi na kwamba umejipenyeza katika lugha siku za karibuni, akashauri watu waseme "will rather". Alisema hivyo zaidi ya miaka mia moja baada ya usemi huo kusomwa makanisani kote Uingereza. Sisi walimu tunaopenda kukemea Kiswahili cha vijana tungefaa kuukumbuka ukurasa ule wa kamusi. Hatimaye "would" ndiyo iliyoshinda, ingawa katika mazungumzo ushindi huo hausikiki, kwani "I'd" humeza yote mawili.

Sasa cha tatu, nacho ndicho kilichompoteza karani wetu: "you didn't". Kwa nini jambo la Jumatano ijayo lisemwe kwa umbo la jana?

Kiingereza hakina kiungo cha -nge- kama chetu. Sisi tukitaka kuzungumzia hali isiyokuwepo, tunapachika -nge- au -ngali- ndani ya kitenzi, na kila msikilizaji anajua kwamba tumetoka katika mambo yaliyopo tukaingia katika mambo ya kudhania. Mwingereza, kwa kukosa chombo hicho, huazima umbo la wakati uliopita na kulipa kazi ya pili. Umbo lile kwa kweli si la jana. Ni la mbali. Linaweza kuwa mbali na sasa, na hapo tunaliita wakati uliopita, au likawa mbali na uhalisi, na hapo ndipo linapotumika kwa matamanio na mapendekezo. Ndiyo maana "would rather" haiko peke yake. Ina ndugu zake: "I wish you were here", ambapo aliyetajwa hayupo, "if only I knew", ambapo msemaji hajui, na "it's time you went home", ambapo mgeni bado ameketi, tena pengine ameomba kikombe kingine cha chai. Katika zote hizo umbo ni la zamani, na habari ni ya leo au kesho. Mwanafunzi akiliona "rather" pamoja na jamaa zake hawa wote kwa siku moja, halisahau. Akilikuta peke yake katikati ya orodha ya misemo, analikariri, na kukariri hakumfikishi ofisini.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kumweleza mwanafunzi jambo hili, kwa kuwa Kiswahili chetu cha kila siku nacho kinajua kurudi nyuma kwa heshima. Mzazi anayefika shuleni, akabisha hodi, akamkuta mwalimu wa zamu, hasemi "Nataka kuonana na mwalimu mkuu." Anasema, "Shikamoo, mwalimu. Samahani, nilikuwa naomba kuonana na mwalimu mkuu." Alikuwa anaomba lini? Anaomba sasa hivi, amesimama mlangoni. Amelirudisha ombi lake nyuma ili asimkabili mwalimu uso kwa uso, na mwalimu ambaye hawezi kuieleza sarufi ya sentensi ile anaielewa adabu yake kikamilifu. Nimeona darasa zima likielewa "I'd rather you came on Monday" mara tu baada ya kuulizwa habari za "nilikuwa naomba", jambo ambalo majedwali ya nyakati hayakuwa yamelifanikisha.

Lipo tatizo jingine, dogo kwa umbo lakini la kudumu. Msemaji akiwa ndiye mtendaji wa jambo analolipendelea, Kiingereza kinadai kitenzi kitupu: "I'd rather wait", afadhali ningoje. Mtendaji akiwa mwingine, kitenzi kinageuka kuwa cha umbo la mbali: "I'd rather you waited", afadhali ungoje. Sisi hatuna mgeuko huo. Kwetu ni kubadili kiambishi cha nafsi tu, ningoje ikawa ungoje, angoje, wangoje, na sentensi inabaki ileile. Kwa hiyo mwanafunzi anajisikia huru kabisa kusema "I'd rather you wait" au hata "I'd rather you to wait". La kwanza litasikika hapa na pale hata midomoni mwa wenyewe, na mimi silipigii kelele. La pili halisemwi na yeyote kati yao, na asili yake naijua: ni kuchanganya "rather" na "prefer", kwa kuwa "I'd prefer you to wait" ni Kiingereza safi.

Hapo nimelifikia "prefer", ambalo ndilo wanafunzi wetu wanalokimbilia, maana linaonekana kuwa kitenzi cha kawaida kisicho na vituko. Nalo lina vituko vyake. Kikubwa ni kwamba linapolinganisha vitu viwili halifuatwi na "than", linafuatwa na "to". Mwaka 1948 Kwame Nkrumah alianzisha gazeti lake, Accra Evening News, ambalo wito wake ulikuwa maneno haya: "We prefer self-government with danger to servitude in tranquillity." Maana yake ni kwamba tunaona afadhali kujitawala penye hatari kuliko utumwa wenye utulivu. Itazameni sentensi hiyo jinsi ilivyosimama. Upande mmoja kuna nomino na sifa yake, upande wa pili nomino na sifa yake, na katikati, mahali ambapo sisi tungeweka "kuliko" yenye silabi tatu na sauti nzito, kuna "to" ndogo isiyosikika. Ulinganisho haumo katika hiyo "to". Umo tayari ndani ya "prefer", ambayo imekwisha kumtanguliza mmoja mbele ya mwenzake. Mswahili, aliyezoea kuubeba ulinganisho katika "kuliko", anahisi sentensi imepungukiwa, anaongeza "than", na makosa ya "I prefer tea than coffee" yanajaa katika madaftari yetu kutoka Mombasa hadi Mbeya.

Tofauti ya pili ni kati ya tabia na tukio. Anayesema "I prefer tea to coffee" anaeleza alivyo, siku zote, hata kama wakati huu hana kiu. Anayesema "I'd prefer tea", au "I'd rather have tea", anaeleza anachokitaka sasa, mezani, mbele ya mwenyeji wake. Mgeni aliyeulizwa aletewe nini, akajibu "I prefer tea", hajakosea sana na chai ataletewa, lakini amejibu swali la daktari badala ya swali la mwenyeji. Kiswahili kinaiona tofauti hii vizuri: napendelea chai ni jambo moja, na ningeomba chai ni jambo jingine. Ila "rather" lina sharti ambalo "prefer" halina, kwamba halipendi kushika nomino mkono mtupu. Linataka kitenzi kwanza, "have" au "drink" au chochote kile.

Na pale anayepewa agizo ni mtu mwingine, Mwingereza mara nyingi ataingiza kijineno "it": "I'd prefer it if you used the other door." Hiyo "it" haina kitu inachokitaja. Inashika nafasi ya hali nzima itakayofuata, yaani hali ya wewe kupita mlango mwingine. Katika ngazi za upole, hii iko juu kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo mara nyingi inatoka kwa mtu mwenye uwezo wa kukutoa nje. Mmarekani katika maandishi rasmi anaweza kufuata njia nyingine, akasema "I'd prefer that he go", bila -s na bila umbo la mbali. Mfasiri akiikuta asidhani ni kosa la chapa.

Sasa niseme juu ya msemo ambao kwa maoni yangu ndio hatari kuliko yote, hasa kwa sababu unafanana mno na wa kwetu: "You had better". Kwa kuwa "better" ni bora, tunaufasiri "ni bora uende", nao unasikika kwetu kama ushauri wa mzee kwa kijana. Kwa Kiingereza si hivyo. "You'd better go" ina kivuli cha matokeo nyuma yake: usipokwenda, litakukuta jambo. Askari huusema, mama aliyekasirika huusema, mwenye nyumba ambaye kodi yake imechelewa huusema. Mtu anaweza kujisemea mwenyewe, "I'd better hurry", na hapo hauna ubaya. Mtu anaweza kumwambia rafiki yake achukue mwavuli. Lakini mwanafunzi akimwambia profesa wake mgeni "You had better come at ten", kwa nia njema kabisa ya kumwonyesha saa inayofaa, atakuwa amemtisha profesa, na hatajua kwa nini chumba kimekuwa na ubaridi. Hapo alitakiwa aseme "Ten would be better", ambapo ubora unawekwa juu ya saa wala hauwekwi kifuani mwa mtu.

Jamaa yake mwingine ni "might as well". Basi halikuja, mvua imekatika, na mmoja anasema, "We might as well walk." Vitabu vingi vinaliweka hili pamoja na semi za kupendelea, lakini hakuna anayependelea kutembea hapo. Ni chaguo la mtu ambaye machaguo yamemwishia. Kiswahili kina kifaa chake kamili: bora tutembee tu. Hiyo "tu" ya mwisho ndiyo inayobeba kukata tamaa kote, na mfasiri anayeiacha amewafanya wasafiri waonekane wanapenda mazoezi.

Hebu tulitazame jambo hili kutoka upande wetu, kwa kuwa ndipo ninapoona sababu ya mambo mengi niliyoyataja. Msemaji wa Kiswahili akitaka kusema kwamba hali moja inapita nyingine, mara nyingi haanzi na nafsi yake. Anaanza na hali yenyewe: afadhali, heri, bora, yote yakifuatiwa na kitenzi cha "uje" na "aende". Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nani anayeona hivyo? Haijasemwa. Ubora umewekwa juu ya jambo, kana kwamba upo huko nje na kila mwenye akili anauona. Kiingereza nacho kina njia hiyo, lakini njia yake kuu ni nyingine: humweka mtu mwanzoni, "I", kisha kikaulegeza msimamo wake kwa "would" na kwa umbo la mbali. Mwingereza anakiri kwamba ni yeye ndiye anayetaka, halafu anapunguza makali ya kutaka kwake. Mswahili hasemi kwamba anataka. Anasema jambo ndivyo lilivyo, na adabu yake anaiweka kwingine, katika salamu, katika samahani, katika kumwita mwenzake dada, mzee au ndugu yangu.

Kwa hiyo karani wetu angeweza kuandikiwa katazo lilelile na bosi Mswahili, kwa maneno kama "Ndugu yangu, afadhali hiyo taarifa isiende kabla ya Ijumaa", na asingeituma kamwe. Si kwamba hajui kusoma upole. Upole ule mwingine ulikuwa umefichwa mahali ambapo hakuzoea kutafuta, ndani ya kitenzi.

Wafasiri mliopo hapa mtaniuliza juu ya lawama, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kinapong'aa. "I'd rather you had told me" inahusu jambo lililokwisha kupita na lisiloweza kurekebishwa: hukuniambia, na ingekuwa vema kama ungeniambia. Nimeona ikifasiriwa "ningependelea zaidi kama ungekuwa umeniambia", sentensi ambayo hakuna mama, mke wala rafiki aliyewahi kuitamka tangu Kiswahili kianze kusemwa. Mtu aliyeumia husema, "Si afadhali ungeniambia?" Umbo ni swali, maana ni lawama, na hakuna "mimi" mwanzoni. Vivyo hivyo "I'd rather not", ambayo ni kukataa kamili kwa maneno machache. Mwanasiasa aliyeulizwa na waandishi wa habari juu ya kujiuzulu kwake akijibu "I'd rather not say", mwandishi wetu akaandika "alisema angependelea kutosema", habari imebaki nusu Kiingereza. "Asingependa kulizungumzia" inatosha: ukanushi wa Kiingereza unakaa baada ya "rather", wa kwetu unakaa juu ya kupenda, na hilo lazima lihame katika tafsiri.

Kuhusu mitihani nitasema kwa kifupi. Yale maswali ya kuandika upya sentensi, ambapo mwanafunzi anapewa "I like football more than netball" na kuambiwa atumie "prefer", yana faida yake, nami sipendekezi yafutwe. Yanapima umbo. Lakini hayawezi kupima kama mwanafunzi amesikia katazo, kukataa au kitisho ndani ya umbo lile, na mwalimu anayefundisha mtihani tu atamaliza muhula bila kuligusa. Ningeona afadhali, na hapa mnanisikia nikitumia chombo cha kwetu, tuwape wanafunzi mazungumzo mafupi na tuwaulize swali moja tu: aliyeambiwa hivi afanye nini? "Do you mind if I smoke?" "I'd rather you didn't." Afanye nini? Airudishe sigara mfukoni. Mwanafunzi aliyejibu hivyo ameuelewa usemi, hata kama jina la umbo la kitenzi limempotea.

Limebaki upande wa anayeulizwa. Mwenyeji wa Kiingereza akiuliza "Would you rather sit inside or outside?" anatarajia jibu lenye chaguo. Sisi tumelelewa kujibu "popote tu" na "chochote tu", kwa sababu mgeni mwenye adabu hampi mwenyeji kazi ya ziada, na mwenyeji wa kwetu naye hakuuliza hasa ili ajibiwe. Kiti na chakula vilikwisha kuandaliwa. Kiingereza kina majibu ya kutochagua, kama "I don't mind" na "either is fine", na yakisemwa mara moja tu yanapokewa vizuri. Mgeni akiyarudia kwa kiti, kisha kwa kinywaji, kisha kwa chakula, mwenyeji anaanza kuhisi kwamba anafanya kazi yote peke yake, na wengine watadhani mgeni hakufurahi kuja. Kwa hiyo ninapowaandaa wanafunzi wanaokwenda kusoma ng'ambo huwafundisha kuchagua kwa sauti, "I'd rather sit outside, if that's all right", na nusu ya pili ya sentensi hiyo huwapa nafuu kubwa, kwa kuwa ndani yake wanaikuta ileile adabu ya nyumbani, ila imewekwa mwisho.